Mikono ya Kuazima

Bi. Tausi alikuja kudai ujuzi wake Jumatatu asubuhi, akiwa amemshika mkono mtoto wa jirani aliyekuwa akilia.

Hakuhitaji kueleza, kichwa cha yule mtoto kilieleza chenyewe. Upande mmoja nywele zilikuwa zimechambuliwa zikabaki zimesimama, upande wa pili kulikuwa na fundo moja kubwa, na ndani ya fundo lilikuwa limenasa chanuo. Huyu ndiye Bi. Tausi aliyesuka maharusi wa Mwembesongo tangu mama yangu hajavunja ungo, na leo ameshindwa kugawa njia moja ikanyooka. Alitunyooshea vidole vyake, akavichezesha mbele ya macho yetu, akasema vimekuwa vya mtu mwingine.

Nilimpa kiti na maji. Mwenzangu Eliamani akachukua mafuta akaanza kulitoa lile chanuo taratibu, huku akimhadithia mtoto habari za mbuzi wa kwao Upareni mpaka kilio kikageuka kwikwi. Nilijua ujuzi wa Bi. Tausi ulikuwa kwenye kichwa cha nani, na nilijua mwenye kichwa hicho hawezi kuuachia.

Niseme sisi ni akina nani. Mimi ni Mwajabu Kobelo, na kibanda chetu kiko nyuma ya maktaba ya chuo, mahali palipokuwa pa mlinzi kabla milango haijaanza kujilinda yenyewe. Tunasoma Stadi za Mabadiliko ya Jamii na Ujasiriamali, mwaka wa tatu, kozi ambayo wajomba zangu wamechoka kunisikia nikiieleza, kwa hiyo wameamua tu kwamba nasomea ushirika. Ili umalize lazima uanzishe biashara inayojiendesha, nayo iwaache watu katika hali bora kuliko ulivyowakuta. Wenzetu wengi walichagua taka na maji. Sisi tulichagua ujuzi. Mlangoni tumeandika AZIMA kwa rangi ya kijani, na kwa kuwa Eliamani alianza na herufi kubwa mno, A ya mwisho imejibana kwenye kona kama mgeni aliyechelewa.

Ujuzi wa mikono haukai kwenye maneno. Unakaa nyuma ya kichwa, juu kidogo ya kisogo, ambako ubongo huweka mambo ambayo mtu anayafanya bila kuyafikiria: kukuna nazi, kuendesha baiskeli, kusuka. Kilemba chetu ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba zinazosoma mambo hayo. Mwenye ujuzi anafungwa kilemba kimoja, mwazimaji anafungwa cha pili, katikati kinakaa kisanduku, na kwa muda wa kuchemsha maharage ujuzi unatoka kwa huyu unaingia kwa yule. Unatoka kweli. Zamani watu waliruhusiwa kunakili, ikawa balaa: mpishi mmoja hodari alinakiliwa mpaka mji mzima ukawa unakula pilau ileile, harusi zote zikanukia sawa, na mpishi mwenyewe akakosa kazi. Kunakili kukapigwa marufuku. Siku hizi ujuzi ni kama sufuria, ukiwa kwa jirani, kwako haupo. Tena unavumilia safari mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Ukiusafirisha mara ya tatu unaanza kumomonyoka, na hakuna anayejua utaishia wapi.

Mwanzoni mwa muhula Bi. Tausi alikuja mwenyewe kuuazimisha wake. Alisema magoti yamegoma kukaa kazini, na kitu kizuri kisimwozee ndani. Sasa alikuwa anautaka. Dada yake, Bi. Mwanamvua, ameletwa kutoka Matombo. Moyo umechoka, daktari amesema akae tu na watu wake. Analala chali kutwa nzima, nywele zimemsokotana kisogoni, na kila asubuhi anamwuliza mdogo wake kama kweli atamwacha aende akiwa hivi.

Nilimwambia wasusi wapo, naweza kumletea mzuri leo hii. Akatikisa kichwa. Nikasema basi aliyeuazima ujuzi wake aje amsuke dada, si mikono itakuwa ni ya Bi. Tausi mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto asiyejua maana ya tusi.

"Aliyeuazima si mwanamume? Dada yangu hajashikwa kichwa na mwanamume asiye wake, leo ndiyo aanze?" Kisha sauti ikashuka. "Tulikuwa tunasukana, mjukuu wangu. Mimi nilijifunzia kichwani kwake. Makosa yangu yote ya usichana yamepita kwenye kichwa kile, na hajawahi kusema naumia. Nataka nimsuke vizuri mara moja, basi."

*

Wapare hutaniwa kwamba watauza ng'ombe wapate nauli ya kwenda kumshitaki mwizi wa kuku. Eliamani ndiye aliyeandika mkataba wetu, na anaupenda kama watu wengine wanavyopenda timu zao. Bi. Tausi alipoondoka na yule mtoto, aliufungua hewani juu ya meza, akanionyesha kifungu kwa kidole: mwazimishaji hawezi kuudai ujuzi kabla ya muhula kwisha, isipokuwa mwazimaji aridhie. Muhula ulikuwa bado una wiki kadhaa. Bi. Mwanamvua hakuwa nazo.

Alisema jibu lipo, ni hapana, na si lazima tumsumbue mwazimaji. Nami nilitaka sana kukubaliana naye. Mwazimaji wetu alikuwa Gervas Banzi, fundi wa pampu za maji kule Kichangani, na Ijumaa ileile jopo la walimu lilikuwa linakuja kumwona yeye na binti yake Konsolata, anayeitwa Kone, maana katika watu wote tuliowaazimisha, hao ndio walikuwa fahari yetu.

Mke wa Gervas, Restituta, alifariki masika iliyopita. Siku ya mazishi mashangazi walimkalisha Kone, wakamsuka twende kilioni, ile mistari ya harakaharaka inayokwenda moja kwa moja nyuma, kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Tangu siku hiyo Kone hakumruhusu mtu amguse kichwa. Na tangu siku hiyo hakusema. Alikuwa anaitikia kwa macho, anakwenda shule, anarudi, anakula. Mashangazi waliposhauri anyolewe, alizishika nywele zake kwa mikono yote miwili akajifungia chooni, kwa kuwa zile ndizo nywele ambazo mama yake alikuwa akizishika. Baba tu ndiye aliyeruhusiwa kukaribia, na baba alikuwa hajui hata chanuo linashikwa upande gani.

Alipokuja kwetu nilidhani anatania. Ana mikono mikubwa, kucha zina mafuta ya mashine yasiyotoka, na alisimama mlangoni akauliza kama tunao ujuzi wa kusuka mtoto. Tulimfunga kilemba. Jumapili iliyofuata alimkalisha Kone kwenye mkeka, akamsuka mistari ambayo bibi harusi asingeikataa, na katikati ya kusuka, Kone akaongea. Aliongea mpaka nywele zilipokwisha, akanyamaza tena. Tangu hapo ndivyo ilivyo. Kila Jumapili, akiwa pale chini kati ya magoti ya baba yake, Kone ana maneno. Akiinuka, hana.

Kwa hiyo Eliamani hakuwa mkatili. Alikuwa anapima kichwa cha mtoto na kichwa cha ajuza, na mtoto ana maisha mbele yake. Nilimwambia hata mimi ningepima hivyo, ila nasikia na Ijumaa imekaa kwenye mizani. Alikasirika, kisha akacheka kidogo, akasema ni kweli imekaa, na ina uzito.

Tulikwenda kwa Dokta Bupe, anayetufundisha. Ni mama mfupi wa Kinyakyusa, anaongea polepole kama anayehesabu mayai, na hajawahi kumjibu mwanafunzi swali ambalo mwanafunzi anaweza kulibeba mwenyewe. Alisikiliza. Akauliza kama Gervas ameshaambiwa. Nikasema hapo ndipo penye shida. Gervas ni mtu mwenye haya. Ukimwambia bibi wa watu anataka chake amsuke dada yake anayekufa, hatasema hapana, hata kama hapana ndiyo iliyomjaa kifuani. Kumwomba mtu wa namna hiyo ni kumnyang'anya kwa adabu.

"Na kutomwambia ni nini?" akauliza Dokta Bupe.

Akatumiminia chai, akatukumbusha kwamba somo la kwanza la kozi hii lilikuwa kusikiliza, na kwamba sisi wawili tulipata alama za juu kabisa katika somo hilo kwa kuandika insha. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, na hiyo ndiyo faraja pekee tuliyotoka nayo.

*

Nilikwenda Kichangani peke yangu kesho yake alasiri. Nilimkuta Baba Kone uani amekaa kwenye kigoda, na Kone chini kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye kigoda, kichwa wazi. Haikuwa Jumapili. Alisema amemfumua mapema ili apendeze siku ya jopo. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea ndoo niikalie.

Hakuanza mara moja. Aliweka viganja vyote viwili juu ya utosi wa mtoto, akatulia. Nilidhani amechoka na kazi. Jogoo wa jirani akapita, akaparura, akaondoka, na yule baba bado ametulia vilevile, hatikisi hata kidole. Kisha Kone akasema, na mikono ndipo ikaanza kugawa njia.

"Baba, mvua ikinyesha inamlowesha mama?"

"Hapana, mama. Jeneza lina mfuniko."

"Na mfuniko una mfuniko?"

"Una udongo juu yake."

"Basi sawa," akasema Kone, akahamia kwenye habari za mwalimu wao wa hesabu na kiatu chake kinacholia.

Niliwatazama. Vidole vile vinene vilikuwa vinakimbia, vinachukua nywele kidogokidogo, vinakaza bila kuvuta, kwa ujuzi wa mwanamke wa Mwembesongo aliyekuwa wakati huohuo amekaa kitandani kwa dada yake, haufahamu tena. Kichwa kizima kilikwisha haraka. Bi. Tausi alikuwa na sifa ya wepesi, na wepesi nao ulikuwa umeazimwa. Mama mmoja akachungulia kwenye ua akasifia, akamwuliza Kone nani amemsuka vizuri hivyo. Kone alikuwa hajainuka, kwa hiyo alijibu.

"Bibi Tausi," akasema.

Alijibu ukweli, hakuna aliyemfundisha vingine. Baba yake akainama kutafuta chanuo ambalo lilikuwa mkononi mwake. Nikageuza uso, nikajifanya naangalia pampu iliyofunguliwa pale ukutani.

Kone alipokwenda kuosha mikono nilisema. Nilisema yote: Bi. Mwanamvua, nywele, ombi, kifungu cha mkataba kilicho upande wake, na kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu, na mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia Bi. Tausi hivyo. Niliongea kwa kasi, kama anayetaka kumaliza kabla hajaanza kulia. Alifuta mikono kwenye suruali, akafuta tena.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema.

"Ndiyo, Baba Kone."

"Sasa kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ningenyamaza, ningekuwa nimeamua mimi."

Akaitikia kwa kichwa, si kwa kuridhika. Alisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, wazee hawakukosea, na tangu siku ya kwanza alijua kwamba siku ya kurudisha itafika. Alichokosea ni kudhani itafika yeye akiwa tayari. Kisha akasema kile alichokuwa anakiogopa, na akakisema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake: akirudisha, huyu mtoto atanyamaza tena, na safari hii hajui atamfuata wapi.

Nilimpenda sana wakati ule, na niliichukia AZIMA na herufi zake zote.

Hatukumsikia Kone akirudi. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, mikono inadondosha maji, na sura yake ilionyesha amesimama pale kwa muda. Alikuja mpaka kwenye mkeka, akakaa palepale alipokuwa, ingawa nywele zilikuwa zimekwisha na hakukuwa na kilichobaki cha kusuka. Akanyoosha mikono nyuma, akaishika mikono ya baba yake, akaiweka juu ya kichwa chake. Ndipo akauliza.

"Yule bibi mgonjwa nani anamshika kichwa?"

Baba yake ndiye aliyejibu. "Kwa sasa hakuna."

"Hata akitaka kuongea?"

"Hata akitaka."

Kone akafikiri.

"Basi kampelekee," akasema.

*

Tulihamishia ujuzi nyumbani kwa Bi. Tausi, sebuleni, kwa kuwa hakutaka kumwacha dada yake peke yake. Gervas alikuja amevaa shati la kanisani. Tuliwakalisha kwenye kochi moja, vilemba vichwani, kisanduku katikati juu ya meza yenye kitambaa cha kudarizi, wakawa kama maharusi wa ajabu wanaongoja kupigwa picha. Bi. Tausi alisema hivyo mwenyewe, akamwambia Gervas asijipe matumaini, yeye mahari yake ni kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Gervas akicheka kwa meno.

Kisanduku kilianza kusoma, kisha kikasimama. Eliamani akainama juu yake, akakunja uso, akaniita kwa kidole. Ujuzi uliokuwa unarudi ulikuwa mzito kuliko ulioondoka. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, kitu kidogo kimeshikamana na kusuka, hakiwezi kusomwa ni nini. Kisanduku kilikuwa kinatuuliza kama kikisafishe. Mkataba uko wazi: ujuzi urudishwe kama ulivyotoka. Eliamani alikuwa na kidole juu ya kitufe, ila hakubonyeza. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliniuliza mimi kifungu kinasemaje.

Nikasema kichwa si chetu, aulizwe mwenyewe. Nilimweleza Bi. Tausi kwamba kuna kilichoongezeka, hatukijui, kinaweza kuwa ni kasoro, na tunaweza kukiondoa sasa hivi arudishiwe chake kilekile.

"Kimetoka wapi hicho kitu?"

"Kwa huyu, bibi. Kwa kuutumia."

Akamgeukia Gervas aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, kama aliyerudisha sufuria ina ufa. Alimwangalia kwa muda, shati na kucha na yote.

"Mimi nimelelewa," akasema Bi. Tausi, "kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi unarudisha bakuli na hata ndizi mbili. Leo mtu kanirudishia chombo kina kitu ndani, nikimwage kabla sijaonja? Acheni."

Eliamani akaondoa kidole. Maharage yakachemka, kama tunavyosema sisi, mpaka kisanduku kikazima taa zake. Gervas alivua kilemba akakitazama, kisha akajaribu vidole vyake hewani, akivipitisha kimoja juu ya kingine, na vikagongana. Akavifumbata. Alimshukuru Bi. Tausi kwa heshima zote, akaaga, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama barabarani bila kwenda kokote.

Mimi ni mwanamke, kwa hiyo nilikaribishwa chumbani. Bi. Mwanamvua alikuwa mdogo kitandani, amekaza midomo. Tulimwinua tukamwegemeza kwa mito, na Bi. Tausi akapanda kitandani akakaa nyuma yake, magoti huku na huku, akisaga meno kwa maumivu. Kwa siku mbili, alinidokeza, dada yake hajasema zaidi ya 'maji' na 'basi'.

Alipaka mafuta. Akazilainisha zile nywele kisogoni kwa subira mpaka zikaachiana, akachukua chanuo. Nilidhani sasa ataanza, na yeye pia alidhani hivyo, maana alishangaa mikono yake ilipoliweka chanuo chini. Viganja vyote viwili vilipanda vyenyewe, vikatua juu ya utosi wa Bi. Mwanamvua, vikatulia.

"Mbona sianzi?" akaninong'oneza. "Mimi sifanyi hivi. Maisha yangu yote nimesuka kwa haraka, wateja walikuwa foleni."

Nikakumbuka ua wa Kichangani, na yule jogoo. Nikamwambia, ngoja kidogo tu, bibi, nadhani mikono inangoja.

Alingoja. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Mabega ya Bi. Mwanamvua, yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka taratibu, na macho yakafumba.

"Tausi," akasema. "Unakumbuka ulivyonisuka siku ya kuchezwa ngoma ya unyago, ukanikata sikio kwa wembe?"

"Nakumbuka. Hukulia."

"Nililia. Nililia chooni." Na baada ya pumzi mbili tatu: "Mimi naogopa, mdogo wangu."

"Niambie," akasema Bi. Tausi, na mikono ikaanza kugawa njia.

Nilitoka. Yale yaliyofuata yalikuwa yao, na sikuwa nimefundishwa stadi yoyote ya kuyastahili. Nilisikia tu sauti zao mbili zikiendelea mpaka jua lilipohama ukutani, na baadaye Bi. Mwanamvua akiagiza aletewe kioo.

*

Ijumaa jopo lilikuja, nasi hatukuwa na cha kulionyesha. Gervas alikuwa hajibu salamu zangu tangu siku ile. Eliamani alivaa tai, akaivua, akaivaa. Aliwaeleza walimu kwa ufasaha wake wote jinsi ujuzi ulivyorudi kabla ya muda kwa ridhaa ya pande zote mbili, na yule mama mkuu wa jopo, mwenye miwani ya mnyororo, akauliza kama basi tunakiri kwamba mwazimaji amerudi alipokuwa mwanzo. Dokta Bupe alikuwa ameketi pembeni, anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Nilikuwa nimefungua kinywa kukiri tuliposikia sauti ya mtoto ikija kwenye kichochoro cha maktaba. Ilikuwa inalalamika. Inasema si nilikwambia tupite kule, na si nilikwambia uvae soksi zinazofanana, baba, watu watatuonaje.

Waliingia wameshikana mikono. Kichwa cha Kone kilikuwa na mistari minne, kama yote ni mistari. Mmoja ulianza vizuri kwenye paji la uso ukapotea njiani. Mwingine ulikwenda ukapinda ukamfuata mwenzake kama mbuzi aliyekata kamba. Nyuma ya sikio kilichomoza kishungi ambacho hakikuwa na pa kwenda, kikafungwa utepe.

Gervas aliomba radhi kwa kuchelewa. Alieleza, macho chini, kwamba waliifumua ile mistari ya Bi. Tausi jana mchana mtoto alipotoka shule, wakasuka upya mpaka giza, wakaendelea leo alfajiri. Kwa ujuzi wa Bi. Tausi ilikuwa ni kazi ya muda mfupi tu. Kwa mikono yake ni kazi ya kutwa, na kutwa nzima Kone amekaa pale chini anamwelekeza, kaza hapa, legeza hapa, huo si mstari huo, baba, huo ni mto Morogoro. Hajanyamaza, akasema Gervas. Ameinuka, amekunywa chai, amevaa viatu, na bado hajanyamaza. Hapo akajifanya anakohoa.

Yule mama mwenye miwani aliinama mpaka akalingana na Kone. Alikitazama kile kichwa kwa makini sana.

"Nani amekusuka, mwanangu?"

Eliamani akafumba macho. Mimi nikamtazama Gervas, na nikaona ameanza kuinama, kama siku ile, kutafuta kitu chini.

"Baba," akasema Kone.

"Na ujuzi aliuazima kwa nani?"

Kone alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halina maana. Akajishika ule mstari uliopinda, akaufuata kwa kidole kuanzia mwanzo hadi pale ulipopotelea.

"Kwa nani tena? Wa kwake mwenyewe," akasema. "Huoni ulivyopinda?"

Gervas akanyooka.